Mnanaha

Mnanaha (*Datura stramonium*) ni mmea wa msimu wenye sumu, wa familia ya Solanaceae pamoja na nyanya na mnavu. Asili yake ni Amerika. Sasa umeenea duniani kote kama gugu la mashambani na majalalani. Una maua yenye umbo la tarumbeta na tunda la miiba lenye mbegu nyingi. Sehemu zake zote, hasa mbegu, zina atropini, hiosiamini na skopolamini, kemikali zinazozuia kazi ya asetilikolini mwilini. Dalili za sumu ni kinywa kukauka, mboni kupanuka, moyo kwenda mbio, homa, mkojo kuzuilika na kuweweseka. Dozi kubwa huua.

Katika tiba za jadi majani yake huvutwa kama moshi dhidi ya pumu. Watetezi wa tiba hiyo husema kuwa moshi huo hutanua njia za hewa na kwamba atropini hutumika hospitalini. Yote mawili ni kweli, lakini atropini ya hospitalini hupimwa, ilhali kiasi cha sumu katika mnanaha hubadilika kulingana na mmea, sehemu yake, umri na udongo. Kipimo kilichomfaa mgonjwa mmoja hakimhakikishii mwingine usalama. Mwaka 2019, huko Karamoja, Uganda, unga wa lishe wenye atropini na skopolamini ulidhuru karibu watu 300, na watano wakafariki. Aliyekula mnanaha anahitaji matibabu ya hospitali haraka.