Sauti Iliyokatika Njiani: Kwa Nini CD Yenye Mikwaruzo Huimba na Faili Lako Halifunguki

Msomaji, naomba nianze na aibu yangu mwenyewe. Nilimrekodi bibi mmoja mkoani Tanga akisimulia maisha ya kambi za mkonge alikokulia. Karibu saa nzima. Jioni nikahamisha faili kutoka kwenye kadi ya kinasa sauti kwenda kwenye flashi, nikaona mstari wa kunakili umefika mwisho, nikachomoa flashi papo hapo. Halafu nikafuta kadi na kurekodi mahojiano mengine juu yake. Wiki mbili baadaye nafungua faili: dakika 0:00. Ukubwa wake zaidi ya megabaiti 600, lakini kimya kabisa. Na bibi yule alikuwa ameshafariki.

Sasa jiulize: CD ya muziki iliyojaa mikwaruzo bado inaimba. Kwa nini faili langu, ambalo halikukwaruzwa na kitu chochote, lilikuwa bubu? Jibu lina historia ndefu, na inaanza na mtu aliyeharibiwa wikiendi yake.

Mwaka 1947, Richard Hamming, mtaalamu wa hisabati katika maabara za Bell nchini Marekani, alikuwa akitumia kompyuta ya relei, yaani swichi za umeme zinazofunga na kufungua. Zamu yake ilikuwa wikiendi tu. Mashine ile ilijua kugundua kosa. Siku za kazi ingesimama, mafundi wakaja kuitazama. Wikiendi hakuna fundi, kwa hiyo ilitupa kazi yenye kosa na kuchukua inayofuata. Wikiendi mbili mfululizo Hamming alirudi akakuta kazi yake imetupwa. Akakasirika, akajiuliza: kama mashine inajua kuna kosa, inashindwaje kujua lilipo na kulirekebisha yenyewe?

Jibu alilochapisha mwaka 1950 ni rahisi kuliko unavyodhani. Chukua biti 4 za taarifa, uziongezee 3 za ukaguzi. Zote 7 zipe namba, 1 hadi 7. Mkaguzi wa kwanza anasimamia nafasi ya 1, 3, 5 na 7. Wa pili: 2, 3, 6 na 7. Wa tatu, aliyekaa nafasi ya 4, anasimamia 4, 5, 6 na 7. Kila mmoja anahakikisha idadi ya moja katika kundi lake ni shufwa. Biti moja ikigeuka njiani, baadhi ya wakaguzi watalalamika. Tuseme aliyekaa nafasi ya 1 na aliyekaa nafasi ya 4 wanalalamika, lakini wa nafasi ya 2 ametulia. Jumlisha: 1 + 4 = 5. Biti ya tano ndiyo yenye kosa. Igeuze, kazi imekwisha.

Njia hii ina udhaifu: inarekebisha kosa moja tu katika kila kundi. Makosa ya dunia halisi huja kwa mafungu. Mkwaruzo hauli biti moja, unakula maelfu yaliyopangana. Mwaka 1960, Irving Reed na Gustave Solomon wakachapisha makala fupi ya kurasa 5 hivi iliyoangalia taarifa kama pointi kwenye mchoro wa hisabati. Unakumbuka shuleni: ukiwa na pointi mbili unachora mstari mnyoofu mmoja tu. Ukipewa pointi tano za mstari huohuo na moja imekaa pembeni, unaiona mara moja, na unajua ilipaswa kuwa wapi.

CD ilipoingia sokoni Japani mwaka 1982, kazi ya Sony na Philips, ilitumia hesabu hiyo ikiambatana na hila nyingine: sauti za karibu zinatawanywa mbalimbali kwenye sahani. Mkwaruzo ukipita, unagusa kidogo hapa na kidogo pale, badala ya kumeza neno zima. Kwa njia hiyo CD inaweza kurudisha karibu biti 4,000 zilizopotea mfululizo, sawa na mkwaruzo wa milimita 2.5 hivi. Misimbo ya Reed na Solomon ndiyo pia iliyosaidia chombo cha Voyager 2 kutuma picha za sayari ya Uranus mwaka 1986.

Umeona mantiki yake? Marekebisho yote haya yanawezekana kwa sababu ziada iliwekwa KABLA ya ajali. Faili la kawaida la WAV ndani yake halina ziada ya aina hiyo. Waya wa USB nao una ukaguzi wake, lakini unalinda taarifa zinapopita kwenye waya tu. Mimi nilichomoa wakati kompyuta ilikuwa bado imeshikilia sehemu ya faili kwenye kumbukumbu yake, haijaituma. Hakuna mkaguzi anayeweza kulinda kitu ambacho hakijasafiri.

Habari njema ni kwamba kilichofika hakijafa. Mwanzoni mwa faili la WAV kuna kichwa, mara nyingi baiti 44, kinachoeleza sauti ina vipimo gani na urefu gani. Changu kilikuwa sifuri tupu, ndiyo maana programu ilikataa. Ila mwili ulikuwepo. Nikafungua faili kwa Audacity kama data ghafi, nikaiambia mwenyewe: vipimo 44,100 kwa sekunde, biti 16, chaneli mbili. Ukikosea hapo utasikia mvumo kama wa mvua juu ya bati. Ukipatia... mimi nilisikia jogoo kwanza, kisha sauti ya bibi.

Lakini katikati kulikuwa na shimo: baiti 524,288, zote sifuri. Karibu sekunde 3. Bibi anasema baba yake alipoondoka kambini aliwaacha na, kimya, halafu "ndiye aliyetulea." Jina limepotea.

Hapa kuna kishawishi. Hata CD, hesabu zikishindwa, hukisia: inachukua sauti ya kabla na ya baada, inaziba pengo kwa wastani, wewe husikii kitu. Kwa sehemu ndogo mno ya sekunde ya muziki, sawa. Kwa jina la mtu, huko ni kutunga ushahidi. Mjukuu wake aliniambia lazima alikuwa shangazi. Huenda kweli. Nimeandika maneno ya mjukuu kama maneno ya mjukuu, na kwenye nakala ya bibi nimeandika: "sekunde 3 hazipo."

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama simu yako ina sauti ya mzee wako, ihamishe leo, lakini toa flashi kwa utaratibu, fungua nakala uisikilize hadi mwisho, weka nyingine mahali tofauti. Ya asili usiifute hadi hapo. Hizo nakala ndiyo ziada yako, na ziada, kama alivyojifunza Hamming, huwekwa mapema.