Wale wa Jikoni

Lojingi niliyolala Embu iko nyuma ya steji, juu ya duka la mbolea na mbegu. Ngazi za simiti, korido moja ndefu, vyumba kumi na kimoja. Chumba ni shilingi 700, maji ya moto ni saa kumi na moja hadi saa moja asubuhi, na chini ya kitanda kuna kandambili mbili ambazo hazijawahi kuwa jozi. Embu iko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, ubavuni mwa Mlima Kenya, na mwezi wa Julai baridi yake haina mchezo. Blanketi zilikuwa mbili. Niliomba ya tatu, nikapewa.

Msomaji wa Tanzania, hiyo ndiyo mnayoiita gesti. Huku kwetu hoteli ni mahali pa chai na chapati. Ukitaka kulala, uliza lojingi.

Kabla ya ufunguo, kitabu. Ni daftari kubwa la jalada gumu, mistari imepigwa kwa rula: jina, nambari ya kitambulisho, umetoka wapi, unaenda wapi, shughuli, saa ya kufika. Mwenye nyumba, mama wa miaka sitini na kitu aliyejifunga leso juu ya sweta, aliniangalia nikiandika.

"Uko peke yako?"

"Niko peke yangu, Mama."

"Na hungoji mtu?"

"Singoji mtu."

Aliniangalia tena, akanyamaza. Msichana akilala lojingi peke yake lazima awe anangoja mtu, ndivyo tulivyozoeshwa. Mimi nilikuwa nimekwama kwenye safu ya shughuli. Miaka miwili iliyopita ningeandika "mwanafunzi" bila kufikiri. Kisha karo ikanishinda nikiwa mwaka wa tatu, nikaacha chuo, na tangu hapo ninaandika makala za watu kwa malipo ya M-Pesa. Niliandika "biashara". Kwa kwenda, niliandika "Nairobi".

Sikuwa nimekuja kwa biashara. Nilikuwa nimemfuata nyanya yangu, aliyelala mji huu mara tatu mwaka wa 1997, na ambaye sasa hivi yuko kwake karibu na Nkubu, upande wa Meru, anapalilia viazi.

Kwa nini mtu wa Meru alale Embu? Kwa sababu Embu ulikuwa mji mkuu wake. Vijana wa siku hizi, waliokua na kaunti, hawajui hilo, na mimi pia nilikuwa nimelisahau. Waingereza walijenga boma Embu mwaka 1906, baada ya kuwapiga Waembu vita. Miaka miwili baadaye, 1908, wakajenga boma lingine Meru, chini ya E. B. Horne, ambaye Wameru walimpa jina la Kangangi, mtu wa kutangatanga. Kwa muda mrefu wilaya hizi mbili zilihesabiwa pamoja na Wakikuyu katika Mkoa wa Kati. Mambo yakabadilika wakati wa uhuru. Tume ya mipaka ya majimbo ilichora ramani upya mwaka 1962, na mwaka uliofuata Embu na Meru zikawekwa katika jimbo jipya la Mashariki pamoja na Machakos, Kitui, Isiolo na Marsabit. Majimbo hayakudumu, yakaitwa mikoa, lakini mipaka ilibaki, na makao makuu yalibaki Embu.

Hebu tazama ramani. Mkoa ule ulianza Moyale, kwenye mpaka wa Ethiopia, ukateremka hadi Makueni, karibu na reli ya Mombasa. Sensa ya 2009 ilihesabu humo watu zaidi ya milioni 5. Kutoka Moyale hadi Embu ni zaidi ya kilomita 600, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya njia hiyo ilikuwa vumbi tupu na lori za ng'ombe. Mtu wa Machakos alikuwa karibu na Nairobi kuliko alivyokuwa karibu na makao makuu ya mkoa wake. Lakini kama shida yako ilikuwa imepita kwa chifu, kwa D.O. na kwa mkuu wa wilaya, basi ilibidi ipande hadi Embu, na wewe upande nayo. Mwalimu anayefuatilia barua yake, mzee anayefuatilia pensheni, mgonjwa aliyepelekwa hospitali kuu ya mkoa na ndugu aliyemsindikiza. Hakuna aliyemaliza shughuli siku moja. Wote walihitaji pa kulala.

Historia ya kulala katika miji hii huwa inaandikwa kwa hoteli nyingine. Embu kuna Izaak Walton Inn, iliyopewa jina la Mwingereza aliyechapisha kitabu cha uvuvi mwaka 1653. Meru kuna Pig and Whistle. Ni mahali pazuri, na wageni hupenda kupiga picha. Lakini katika enzi ya ukoloni hoteli za Wazungu zilikuwa za Wazungu. Mwafrika aliingia kwa mlango wa nyuma, akiwa mpishi au mfua mashuka. Swali la Mwafrika lilikuwa lingine kabisa: je, una ruhusa ya kuwa hapa usiku?

Ndiyo maana kitabu kile cha wageni kilinishika. Kina ukoo wake. Sheria ya kipande ilitungwa mwaka 1915 na ikaanza kung'ata baada ya Vita vya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika kuanzia miaka kumi na sita alitakiwa kutembea na karatasi yenye alama za vidole na habari za mwajiri wake, ndani ya kijikopo cha bati kilichoning'inia shingoni. Halafu, tarehe 20 Oktoba 1952, ikatangazwa Hali ya Hatari. Serikali iliwafunga Wakikuyu, Waembu na Wameru katika fungu moja, ikawapa pasi za peke yao. Bila pasi hukusafiri. Kuanzia 1954 watu waliondolewa kwenye vilima vyao na kusongamanishwa katika vijiji vyenye handaki na saa za kutotoka nje. Nyanya alikuwa mtoto wa miaka minane. Anachokumbuka ni moshi: nyumba nyingi, karibu karibu, na moshi usio na pa kwenda. Hali ya Hatari iliondolewa Januari 1960, lakini desturi ya kumuuliza mtu atokako na aendako kabla hajalala haikuondoka. Imo kwenye zile safu zilizopigwa rula.

Na kuna jambo ambalo sikulijua mpaka nilipoanza kusoma mwenyewe, bila mwalimu. Kipande kilikuwa cha wanaume. Vitambulisho vilivyofuata navyo vilikuwa vya wanaume. Hata baada ya uhuru, sheria ya kuandikisha watu haikuwagusa wanawake mpaka iliporekebishwa mwaka 1978. Nyanya alikuwa na miaka thelathini na mbili na watoto wanne wakati serikali ilipoamua kwamba naye anastahili nambari. Kabla ya hapo, kama angelala mjini, angeandikwa kwa nambari ya mwanamume fulani: bwana fulani, na mke.

Mwaka 1997 kitambulisho alikuwa nacho. Bwana ndiye hakuwepo tena. Babu alipofariki, shemeji mmoja alisema mwanamke hawezi kukalia ekari mbili za kahawa ambazo si za baba yake. Wakati huo mizozo ya mashamba ilikuwa chini ya sheria ya 1990: kesi ilisikilizwa na baraza la wazee wilayani, na aliyetaka kukata rufaa alikwenda kwenye kamati ya mkoa. Kwetu maana yake ilikuwa Embu. Nyanya alikata rufaa. Alipanda matatu alfajiri, akapita Chogoria, Chuka na Runyenjes, na kiatu kimoja amekifunga kwa kamba. Alienda mara tatu. Alirudi na shamba.

Kumbe Kiswahili kina utani wake. Kipande ni kile kilichoning'inia shingoni mwa baba yake. Kipande ni kile alichokwenda kukitafuta Embu. Na ni kahawa ya kipande hicho iliyonilipia karo ya mwaka wa kwanza.

Asubuhi nilimwambia mwenye nyumba ukweli kuhusu biashara yangu. Alicheka. Lojingi ilijengwa na mama yake, akaniambia, na vitabu vya zamani viko stoo kwa sababu hakuna aliyejua kama ni halali kuvichoma. "Tangu kaunti zije, watu wetu wamepotea," alisema. Baada ya uchaguzi wa Machi 2013 mikoa haikuwa na kazi tena. Mtu wa Makueni anamaliza shida zake Wote, mtu wa Marsabit palepale Marsabit. Mara ya mwisho nyumba kujaa hadi korido, alisema, ni wakati wa sherehe za Madaraka za 2023 zilipofanyiwa Embu. "Siku tatu tu. Lakini zamani ilikuwa hivyo kila Jumatatu."

Nilikaa stoo siku mbili nikikohoa vumbi. Vitabu vilivyobaki vinaanzia katikati ya miaka ya themanini, panya wamekula kona. Sitataja majina ya watu. Hawakuandika ili nisome mimi. Lakini nitawaambia kuhusu safu ya shughuli. "Hospitali." "Ofisi." "Ng'ombe." "Barua." Mtu wa Moyale aliyelala usiku tisa mfululizo na kila usiku akaandika "kungoja". Kuanzia miaka ya tisini kunaingia neno "shamba", na linarudi ukurasa baada ya ukurasa. Mwanzoni nilidhani ni kazi yao, wakulima. Kisha nikaanza kutazama walikotoka na siku walizofika, nikaelewa. Wengi ni wanaume. Wanawake wapo pia, wachache, kwa majina yao na nambari zao wenyewe, na wanafika wawili wawili.

Mwaka 1997 niliusoma mara mbili. Nyanya hayumo.

Nilimpigia simu nikiwa nimekaa kwenye gunia la makaa. Nilimuuliza kama ana hakika ni lojingi hii, ile ya juu ya duka, nyuma ya steji. Ana hakika. Mama mwenye nyumba alikuwa na pengo la jino, alikuwa anaimba. Sasa mbona hukuandika jina?

Alicheka mpaka nikasogeza simu mbali na sikio.

"Jina la nini? Kitanda nilikuwa na pesa yake wapi? Mimi nililala jikoni. Tulikuwa wengi jikoni. Unamenya viazi vya asubuhi, unaosha sufuria, unapewa gunia na kona yenye joto. Wale wa vyumbani ndio walikuwa wanasikia baridi."

Nilipomuuliza mwenye nyumba, hakushangaa hata kidogo. "Ah, wale wa jikoni. Hao hatukuwaandika. Mama alisema polisi wanataka vitabu vya vyumba, hawajauliza habari ya jikoni." Akanionyesha mahali penyewe. Siku hizi kuna meko ya gesi na friji iliyoharibika.

Nimelifikiria jambo hilo sana. Kitabu kilitengenezwa kwa ajili ya kushuku watu, na kwa bahati kimetunza habari ambazo hazipatikani kwingine: nani alitembea umbali gani, kwa shida gani, akangoja usiku mangapi. Ninakithamini. Lakini mtu akija kuandika historia ya mji mkuu huu kwa vitabu hivi peke yake, atasema wajane hawakuja, au walikuja wachache. Walikuja. Walikuwa upande wa pili wa ukuta, wakimenya viazi, na asubuhi wakaosha uso na kwenda kujibu wazee maswali kuhusu waume zao waliokufa. Walioachwa nje ya kitabu walikuwa na joto, walikuwa na wenzao wa kuongea nao usiku kucha, na nadhani ndimo nyanya alimojifunza la kusema mbele ya kamati. Sina ushahidi wa hilo ila kicheko chake.

Kabla hajakata simu aliuliza, kama anavyouliza kila mara: "Na shule?"

Kwa miaka miwili nimejibu "iko sawa, Nyanya". Pale stoo, na vitabu vya watu mapajani, nilishindwa. Nilimwambia niliacha. Nilimwambia karo, na kwamba niliogopa kusema kwa sababu ya kahawa yake.

Alinyamaza. Nilisikia kuku wake. Nilitazama simu kuona kama muda wa maongezi umeisha.

"Kahawa imeiva," akasema mwishowe. "Na wachumaji hawapatikani mwaka huu. Unakuja lini?"

Nilipiga picha kurasa zote ambazo panya hawajazila, na mwenye nyumba ameahidi kutochoma kitu mpaka tupate mahali pa kuviweka. Wale wa jikoni nimeanza kuwaandika kwenye daftari langu, mmoja mmoja, kwa kadiri nyanya anavyowakumbuka. Amefika saba. Siku ya kuondoka niliomba kalamu, nikakata "Nairobi" kwenye mstari wangu, nikaandika "Nkubu". Safu ya shughuli mwenye nyumba aliisoma kichwa chini, kutoka upande wake wa meza.

"Na hiyo biashara?"

"Andika shamba, Mama," nikamwambia, na akaandika.