Barua ya Vitisho na Hadithi za Mashabiki

Desemba 2000, msichana wa miaka 15 nchini Uingereza alipokea barua kutoka Warner Bros. Alikuwa amefungua tovuti ya vitabu vya Harry Potter kwa mapenzi yake tu. Kampuni hiyo, iliyokuwa ikitengeneza filamu ya kwanza ya hadithi hizo, ilimtaka aikabidhi anwani ya tovuti. Asipofanya hivyo, suala lingepelekwa kwa wanasheria.

Barua ya namna hiyo si hukumu. Hakuna hakimu aliyeiona wala ushahidi uliopimwa. Lakini mtoto wa shule atajuaje hayo? Wengi waliotishwa hivyo walifuta kazi zao wakanyamaza. Huyu alipata wakili, habari zikafika magazetini, na mashabiki wa Marekani wakaitisha mgomo wa kutonunua bidhaa za filamu. Mwaka 2001 kampuni ikamwachia tovuti yake.

Enzi hizo, kinga ya mwandishi wa hadithi za mashabiki, yaani hadithi mpya zenye wahusika wa vitabu au filamu za wengine, ilikuwa mistari michache aliyoitanguliza juu ya hadithi: wahusika si wangu, sipati hata senti, tafadhali msinishtaki. Kwangu mimi ile ilikuwa dua zaidi kuliko hoja ya kisheria. Mwaka 2002, shirika la haki za kidijitali la Electronic Frontier Foundation na vitivo kadhaa vya sheria vya Marekani vilianzisha Chilling Effects, hazina ya barua za vitisho zilizofafanuliwa kwa lugha nyepesi, ili anayetishwa ajue lipi ni sheria na lipi ni mkwara.

Kisha ukaja mwaka 2007. Kampuni ya FanLib ilijitokeza kutafuta faida kwa hadithi za mashabiki, na tovuti ya blogu ya LiveJournal, walikokutana mashabiki wengi, ikafunga mamia ya akaunti kwa mkupuo. Mwandishi Naomi Novik na wenzake wakaamua kujenga nyumba yao wenyewe: Organization for Transformative Works. Pamoja na hifadhi ya hadithi, waliunda kamati ya sheria ya watu wa kujitolea, akiwemo profesa wa sheria Rebecca Tushnet.

Mtihani wao mkubwa ulikuwa video. Tangu 1975, Kandy Fong alipoonyesha slaidi za Star Trek zikisindikizwa na wimbo, mashabiki, wengi wao wanawake, wamekuwa wakiunganisha picha na muziki ili kusema jambo ambalo filamu yenyewe haikulisema. Sheria ya Marekani ya 1998 ilikataza kuvunja kufuli la kidijitali la DVD, hata kama matumizi yenyewe ni halali. Maombi ya msamaha wa katazo hilo husikilizwa na Ofisi ya Hakimiliki kila baada ya miaka mitatu.

Katika vikao vya 2009, wawakilishi wa kampuni za filamu walionyesha namna ya kupata kipande cha filamu bila kuvunja kufuli: washa televisheni, simamisha kamera mbele yake, rekodi. Fikiria mchoraji akiambiwa anakili picha kwa kuitazama dirishani. Tushnet na mwenzake Francesca Coppa walieleza kwa nini rangi na mwanga vina maana kwa msanii. Julai 2010 msamaha ukatolewa kwa video zisizo za biashara, kwa vipande vifupi vyenye lengo la kukosoa au kutoa maoni.

Msamaha huo ulikuwa wa Marekani pekee, ilhali hadithi moja husomwa Osaka na Toronto siku hiyohiyo. Kanada iliruhusu kazi za namna hii zisizo za biashara katika sheria yake ya 2012. Uingereza ikaruhusu uigaji wa kuchekesha mwaka 2014. Japani, sheria ya hakimiliki ilipokazwa mwishoni mwa 2018, kazi za mashabiki ziliachwa chini ya utaratibu wa zamani: hakuna mashtaka pasipo malalamiko ya mwenye haki.

Nchini Marekani, Tushnet na wenzake wa Organization for Transformative Works walirudi mbele ya Ofisi ya Hakimiliki mwaka 2012. Mwaka 2015 wakarudi tena, safari hii kuombea diski za Blu-ray, wakakubaliwa.