Nyumba ya Kazi na Lupango Lako

Mara mingi tunasema muzee anachoka juu ya miaka. Historia ya Lubumbashi inanionyesha jambo lingine pia: nyumba yenye anaishi.

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Mwisho wa miaka ya 1920 ilianza kutaka batumishi bakae na babibi na batoto mu kambi. Ilitoa nyumba, poso, lopitalo, masomo. Batu bakasema: «Kazi njo baba, kazi njo mama.» Lakini nyumba ilikuwa ya kazi. Muzee akiingia mu pansio, alipoteza siku moja kazi, nyumba na majirani. Bengi barudia ku kijiji chenye batoto babo hawakukijua.

Mu Kamalondo, Kenya, Katuba na Ruashi, mwenye lupango alikuwa na cha kufanya kila asubuhi: kulima lenga-lenga, kufuga kuku, kupangisha chumba, kutengeneza viatu mbele ya mulango. Kazi ya kampuni iliisha, yake iliendelea.

Kampuni ilitaifishwa mwaka 1967, ikawa Gécamines, na desturi ya kambi ikabaki. Kisha mgodi wa Kamoto ukaporomoka mwaka 1990, mishahara ikachelewa, na mwaka 2003 zaidi ya batumishi 10 000 baliacha kazi kwa mupango uliosaidiwa na Banki ya Dunia. Profesa Dibwe dia Mwembu wa chuo chetu alikuwa amekwisha kuwaita, mu kitabu chake cha 2001, batoto ba shaba benye baba yabo aliwaacha. Mu familia mingi, bamama njo balishika nyumba: soko na shamba balivijua mbele.

Leo kuko nyumba ya tatu: ya mutoto. Tunamuleta kambo, tunamupa kiti, televizyo, na neno moja: «Kambo, pumzika.» Ni heshima, lakini naona inawamaliza. Mutu aliyeamka saa kumi na moja miaka 30, tunamukatazaje hata kumwagilia maua?

Bengi betu tunatafuta kontra mu kampuni mpya za migodi. Mushahara wa kwanza ukifika, tufikirie lupango mbele ya gari. Na kambo akija kwetu, tumuulize: unataka kulima wapi?