Kisanduku Kati ya Soketi na Drili

Drili iliyotengenezwa kwa soko la Marekani inataka volti 120. Soketi ya Dar es Salaam inatoa 230, ya Nairobi 240. Ikichomekwa moja kwa moja, mota yake itatoa moshi kabla ya tundu la kwanza kukamilika. Ndiyo maana fundi huweka katikati transfoma ya kushushia umeme, kisanduku kizito kilichojaa chuma na waya wa shaba. Tofauti ambayo kisanduku hicho kinaisawazisha ilizaliwa miaka ya 1880, pale kila mji ulipojichagulia umeme wake.

Kanuni ya transfoma yenyewe ni ya zamani zaidi. Tarehe 29 Agosti 1831, jijini London, Michael Faraday alizungushia nyaya mbili pete ya chuma. Alipounganisha betri kwenye waya mmoja, sindano ya kipimo iliyounganishwa na waya wa pili ilitikisika, kisha ikatulia. Alipoiondoa betri, ikatikisika tena. Umeme ulivuka pale tu ulipokuwa unabadilika.

Umeme wa Thomas Edison haukubadilika. Kituo chake cha Pearl Street, New York, kilichowashwa 1882, kilisukuma mkondo wa upande mmoja wa volti 110 hivi, na mteja aliyekaa mbali hakuweza kufikiwa, kwa kuwa nguvu ilipotelea njiani kwenye nyaya. Transfoma isingemsaidia.

Mfaransa Lucien Gaulard na Mwingereza John Gibbs walishika njia nyingine. Katika maonyesho ya Torino mwaka 1884 walitumia mkondo geu, yaani unaobadilika mwelekeo mfululizo, wakaufikisha hadi Lanzo, kilomita 40 hivi. Lakini transfoma zao ziliungwa kwa mfuatano, hivyo taa zikizimwa sehemu moja, mwanga wa sehemu nyingine uliyumba. Waliolimaliza tatizo hilo ni wahandisi watatu wa kiwanda cha Ganz, Budapest: Károly Zipernowsky, Ottó Bláthy na Miksa Déri. Mwaka 1885 walikifunga kiini cha chuma kisiwe na mwanya, wakaziunga transfoma sambamba ili kila mteja ajitegemee. Simulizi nyingi huanza na George Westinghouse, mwenye viwanda wa Marekani, na utajiri wake. Haki ni kuanza na hawa watatu.

Machi 1886, William Stanley, aliyefadhiliwa na Westinghouse, aliwasha taa za maduka ya Great Barrington, Massachusetts. Jenereta ilitoa volti 500, na transfoma zilizowekwa kwenye vyumba vya chini ya maduka zikazishusha hadi 100.

Tangu hapo umeme uliweza kusafiri kwa volti za juu na kuingia nyumbani kwa volti yoyote, na haja ya kukubaliana juu ya volti moja ikapungua. Marekani ilibaki karibu na volti za Edison. Berlin ilianza kuhamia 220 mwaka 1899, kwani nyaya zilezile zingebeba nguvu zaidi. Japani ikashikilia 100.

Uingereza ina kisa cha pekee. Nyumbani hutumia 230, ila kwenye maeneo ya ujenzi drili na grinda nyingi huendeshwa kwa 110 kupitia transfoma za rangi ya njano. Katikati ya koili ya kila moja pameungwa ardhini, hivyo kila waya una volti 55 tu kulinganisha na ardhi. Mjenzi akishika kebo iliyochubuka, atashtuka, lakini si rahisi afe. Hakuna matumizi ya transfoma yanayostahili sifa kuliko haya.

Kuna jambo moja ambalo transfoma haiwezi: hushusha volti, haigusi hezi, yaani idadi ya mizunguko ya mkondo kwa sekunde. Mashine ya Kijapani yenye mota ya hezi 60 itazunguka polepole kwenye gridi ya Afrika Mashariki yenye 50, hata volti zikiwa sawasawa. Japani yenyewe imegawanyika. Tokyo ilinunua jenereta za Kijerumani za hezi 50, Osaka ikanunua za Kimarekani za 60, na mpaka huo haukufutika. Baada ya tetemeko la Machi 2011, mashariki ilipokosa umeme, mitambo ya kubadilisha hezi iliweza kuvusha takriban megawati 1,000 tu kutoka magharibi.