Mvua za radi katika Mkoa wa Simiyu

Mvua za radi katika Mkoa wa Simiyu ni dhoruba fupi zenye ngurumo, upepo mkali na pengine mvua ya mawe, zinazotokea kaskazini mwa Tanzania, kusini-mashariki kwa Ziwa Viktoria. Mkoa huo, wenye makao makuu Bariadi, ulianzishwa mwaka 2012. Sehemu yake kubwa ni tambarare yenye miti michache, hivyo wingu la mvua huonekana likiwa bado mbali.

Chanzo

Mvua hunyesha hasa kati ya Novemba na Mei. Mchana ardhi hupata joto haraka kuliko maji ya ziwa. Hewa yenye joto hupanda, na upepo wenye unyevu huvuma kutoka ziwani kuelekea nchi kavu. Unapokutana na pepo za mashariki, hewa husukumwa juu na kujenga mawingu marefu ya kumulonimbasi. Usiku mwelekeo hugeuka: dhoruba nyingi hutokea juu ya ziwa na kuhatarisha wavuvi.

Mwenendo wa siku

Asubuhi anga huweza kuwa safi. Kuelekea adhuhuri hutokea mawingu meupe madogo, ambayo alasiri hurefuka hadi vilele vyake kutanuka kama fuawe la mhunzi. Kabla ya matone ya kwanza huja upepo wa baridi wenye vumbi. Hiyo ni hewa iliyopozwa na mvua inayoshuka na kusambaa ardhini.

Madhara

Wakazi wengi ni wakulima na wafugaji Wasukuma, ambao hutegemea mvua hizo kwa pamba, mahindi na malisho. Hata hivyo radi huua watu na mifugo, na mawe huharibu mazao. Mito ya Simiyu na Duma huweza kujaa ghafla kutokana na mvua iliyonyesha mbali. Mnamo Machi 2015 mvua ya mawe katika kijiji cha Mwakata, wilaya ya Kahama, mkoa jirani wa Shinyanga, iliua watu zaidi ya 35.

Ufuatiliaji na tahadhari

Nchini Marekani wapo wanaofuata dhoruba kwa magari. Tanzania, Mamlaka ya Hali ya Hewa huzifuatilia kwa satelaiti na rada, ikiwemo ya Mwanza, na kutoa tahadhari kwa umma.

Umbali wa radi hukadiriwa kwa kuhesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo: kila sekunde 3 ni takriban kilomita 1. Zikiwa chini ya 30, inafaa kuingia katika jengo imara au gari lililofungwa, na kukaa humo hadi dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Kujikinga chini ya mti uliosimama peke yake ni hatari, kwa kuwa radi hupiga zaidi vitu virefu.