Kitabu Kinachokiri Kasoro Zake

Mwaka 2011 nilifuta hadithi 11 za wenzangu kwa kosa la nafasi moja. Nilitaka kuondoa nakala za zamani tu, basi nikaandika amri ya rm, nyota, halafu .bak. Kidole kikateleza, pakaingia nafasi kati ya nyota na nukta. Kwenye Linux nyota ikikaa peke yake maana yake ni kila kitu kilichomo. Mashine haikuuliza, haikulia. Folda tupu! Na hadithi moja, ya dada wa kikundi chetu, haikuwa na nakala pengine popote.

Usiku ule ndipo nilipofungua kitabu cha maelekezo kilichokuwa ndani ya kompyuta siku zote. Unaandika man, kisha jina la amri. Man hapa si mwanamume, bwana. Ni mkato tu.

Kitabu hicho kina ukoo. Toleo la kwanza lina tarehe ya 3 Novemba 1971 na majina ya Ken Thompson na Dennis Ritchie, waliotengeneza Unix pale Bell Labs, Marekani. Rm imo tayari. Kila amri ina ukurasa wake: jina, namna ya kuiandika, kazi yake, na mwishoni kichwa BUGS, yaani kasoro. Hapo nikaduwaa. Nani aliwahi kununua redio ikaja na karatasi inayosema, hapa tumeshindwa? Wakongwe wa pale wamesimulia kwamba mara nyingine waliona haya kuiandika kasoro, wakaenda kuirekebisha programu kwanza ndipo wakarudi kwenye ukurasa.

Linus Torvalds alipotangaza Linux huko Helsinki mwaka 1991, alikuta programu za GNU, kazi aliyoianza Richard Stallman, na desturi hii ya kurasa. Mwaka 1992 watu wa kujitolea wakaanza mradi wa kuiandikia Linux vitabu. Bure kabisa. Waandishi wenzangu, hao nao ni waandishi, ingawa hakuna anayewataja.

Turudi kwa rm. Ukurasa wake ulinieleza kwamba ningeongeza -i, ingeniuliza kabla ya kufuta kila faili. Asante, nimechelewa. Chini kidogo kuna onyo: faili lililofutwa huenda likafufuliwa kwa sehemu, na mtu mwenye ujuzi na muda wa kutosha. Onyo hilo wamewaandikia wenye siri za kuficha. Mimi nililisoma kama barua ya msamaha.

Nikazima mashine palepale, isije ikaandika kitu juu ya mabaki. Mshikaji wangu mmoja akaiwasha kwa CD, akachimba siku mbili. Zikapatikana hadithi 10, mbili zimekatika katikati.

Ya 11 ndiyo ya yule dada. Ameiandika upya, tukaichapa. Mpaka leo anasema ile ya kwanza ilikuwa nzuri zaidi, na sina cha kumjibu.